Bibi Kasemaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vitafunio na Mikahawa ya Mtaani, Unguja Mjini

Ukurasa huu ni wa wajukuu wanaotumwa. Umepewa hela, umeambiwa ulete vitumbua, urojo (mchuzi mzito wenye uchachu) au kaimati (vidonge vya unga vya kukaanga vyenye shira), na unajua ukikosea utarudishwa navyo mlangoni. Mizani tunayoitumia ni ya mabibi wa mitaa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, waliovipika vitu hivi nyumbani kwa seredani, yaani jiko la makaa, miaka mingi kabla ya kuanza kuvinunua. Ndiyo maana maneno yao ni makali, na karibu kila neno lina sababu yake jikoni. Kwenye vipimo, kikombe ni cha mililita 250, kijiko cha chai mililita 5, cha chakula mililita 15.

Kwa nini bibi hataki kuonja kitumbua kikiwa cha moto?

Kwa sababu moto unaficha. Kitumbua chochote kinapotoka chumani, kwenye kile kikaango chenye mashimo, ni laini na kinanukia hiliki, hata kama kimepikwa ovyo. Kiache nusu saa kipoe. Cha mchele uliolowekwa ukalowana, na tui zito, kitabaki laini. Ukikipasua kwa vidole utaona vitundu vingi ndani. Kilichotiwa unga wa ngano mwingi kitavutika na kukataa kukatika. Kilichonywa mafuta kitalowesha karatasi.

Kipimo hicho kinafaa kwa maandazi, chapati, sambusa na mkate wa kumimina. Muuzaji anayekubali kukuuzia kitumbua cha asubuhi saa nne bila kukipasha tena, na bado kikawa kizuri, huyo mshike.

Nimeleta vitumbua, bibi kala kimoja akavisukuma. Vina kasoro gani?

Kipasue kimoja uangalie mwenyewe.

Ukikuta nje kimeiva kahawia na katikati kuna ujiuji, moto ulikuwa mkali. Kitumbua kinataka moto wa wastani na subira: dakika 2 hadi 3 upande wa kwanza, mpaka kingo zishike na juu pabaki unyevu kidogo tu, ndipo kigeuzwe.

Kikiwa bapa na kizito hakina vitundu, unga haukuumuka, au uliumuka vizuri kisha ukakorogwa sana wakati wa kuchota. Wapishi wengi wa siku hizi hukosea hapo: kila wanapotia upawa wanakoroga tena sufuria nzima, na hewa yote inatoka. Unga ulioumuka huchotwa pembeni, taratibu.

Kikiwa na uchachu, unga ulikaa mno kwenye joto. Uchachu mdogo kabisa bibi anausamehe, kwa sababu mchele uliolowekwa usiku kucha ukitiwa hamira lazima uutoe. Ule unaokwaruza ulimi ni wa unga wa jana uliochanganywa na wa leo.

Kikisikika chengachenga mdomoni, mchele haukusagika. Na ukiona kimechanika upande mmoja, ujue kilishika chumani kikang'olewa kwa nguvu; chuma ni kipya au kimesuguliwa kwa sabuni na steli waya, kikapoteza mafuta yake. Chuma cha vitumbua hufutwa kwa kitambaa, hakisuguliwi.

Basi nipe vipimo vya vitumbua vya kumridhisha.

Mchele gramu 500, si wa kunata sana. Uoshe, uloweke usiku kucha au saa 6 kwa uchache. Uchuje maji yote, uusage kwenye mashine ya kusagia pamoja na tui zito kikombe 1 na robo, wali uliopoa vijiko 3 vya chakula na hiliki ya kusaga nusu kijiko cha chai. Wali huo ndio unaofanya kitumbua kibaki laini kikipoa. Wasioutia ndio wanaokimbilia unga wa ngano. Saga mpaka ukipikicha kwenye vidole usisikie chenga.

Tia hamira kijiko 1 cha chai, funika, weka mahali pa joto. Kwa joto la Unguja saa 1 hadi 1 na nusu inatosha. Wakati wa kipupwe ongeza kidogo. Sukari, robo tatu ya kikombe, iingie mwisho, dakika 15 kabla ya kupika. Ukiitia mapema unga unakuwa mwepesi na uchachu unakuja haraka. Uzito unaotakiwa ni wa uji mzito unaomwagika kwa utepe, haukatiki matone.

Kila shimo litiwe mafuta kijiko 1 cha chai, yapate moto, kisha unga mpaka robo tatu ya shimo. Cha kwanza karibu kila mara huharibika. Kile mpe paka.

Maandazi ya nazi: kwa nini mengine yana uwazi ndani na mengine yamejaa?

Inategemea unataka nini. Andazi la kuchovya kwenye chai linaweza kujaa. La kulia mbaazi, ambalo Mombasa na Lamu wanaliita hamri, lazima liwe na mfuko ndani, kwa sababu mfuko ndio unaobeba mchuzi.

Mfuko unatokana na mambo matatu. Donge likandwe vya kutosha, dakika 10 hadi 15, mpaka lisishike mkono. Lisukumwe lisizidi nusu sentimita, na liwe sawa pande zote. Penye unene hapafuri. Kisha mafuta yawe ya moto hasa, yapata nyuzi 180, na mara andazi linapoelea limwagiwe mafuta juu kwa upawa. Kumwagia huko ndiko kunakolifurisha. Mafuta yakiwa baridi linakaa chini, linakunywa, na halitainuka tena hata uliombe.

Vipande vilivyokatwa vipumzike dakika 15 hadi 20 chini ya kitambaa. Vikikauka juu vinafanya ngozi na havifuri. Kwa unga gramu 500 tumia tui zito kikombe 1 (ongeza kidogokidogo ukiona donge gumu), sukari nusu kikombe, hamira kijiko 1 na nusu cha chai, hiliki kijiko 1 cha chai.

Na mbaazi zake?

Zilowekwe usiku, zichemshwe mpaka zibonyee kwa vidole viwili, ndipo zitiwe tui la pili, kitunguu, pilipili na manjano kidogo. Tui la kwanza huingia mwisho, moto mdogo, sufuria wazi, mwiko ukizunguka. Ukiona mbaazi zina mafuta yaliyojitenga na vipande vyeupe, tui limekatika: walifunika sufuria wakaenda kupiga soga.

Urojo mzuri nitaujuaje kabla sijaulipia?

Uangalie ukimwagwa. Urojo unatakiwa ufunike mgongo wa upawa ubaki utando mwembamba wa njano. Ukitiririka kama maji, unga ni mdogo. Ukidondoka kwa mabonge, unga ulitiwa kwenye maji ya moto badala ya kuvurugwa pembeni kwa maji baridi kwanza.

Kisha unuse. Kosa kubwa la vibanda vingi ni unga usioiva. Unga wa ngano ukishatiwa unataka kuchemka dakika 15 hadi 20 kwa moto mdogo, na mpishi akikoroga. Anayeuepua mara tu unapokuwa mzito anakuuzia gundi yenye ndimu, na tumbo litakwambia jioni.

Uchachu ndio unaogombanisha mabibi wenyewe. Kundi moja linataka embe bichi lililochemshwa ndani yake, la pili ukwaju, la tatu ndimu peke yake. Kwa maoni yetu embe ndiyo asili yake hasa na ndimu ni ya kumalizia. Ukwaju unautia weusi. Lakini nje ya msimu wa maembe hatumlaumu mtu.

Kwa lita 1 na nusu ya maji: embe bichi 1 kubwa lililokunwa, unga vijiko 4 vya chakula, manjano nusu kijiko cha chai, chumvi. Manjano yakizidi kijiko urojo unakuwa na uchungu nyuma ya ulimi, na hapo sukari haisaidii. Ndimu mbili zikamuliwe baada ya kuepua.

Mpangilio wa bakuli nao una akili yake. Chini vinakaa vinavyopenda kulowa: viazi vya kuchemsha, kachori, badia (bajia). Unafuata urojo wenyewe. Juu yake chatne ya nazi na pilipili, kisha mishkaki na nusu yai kwa mwenye hela. Chipsi za muhogo hutiwa mwisho kabisa, mkononi mwa muuzaji bakuli likiwa tayari linakuja kwako. Muuzaji anayeanza na chipsi hajali, na asiyejali hilo hajali mengine.

Bibi hatoki nyumbani. Naweza kumbebea urojo?

Unaweza, ila usikubali ufungwe kila kitu pamoja. Nenda na vyombo vyako: kibakuli chenye mfuniko cha urojo, kingine cha badia, kachori na viazi, na karatasi ya chipsi. Chatne ya nazi mbichi iwe peke yake, kwa sababu ndiyo inayoharibika kwanza. Ikikaa kwenye joto saa chache inateleza na kunuka. Unganisha mbele yake. Mabibi wengine hupenda kuunganisha wenyewe, na usimnyang'anye kijiko.

Nitajuaje kwamba mafuta ya kukaangia yamechoka?

Simama mahali ambapo upepo unakuja kwako kutoka karaini. Mafuta mazima yananuka kile kinachokaangwa. Yaliyochoka yananuka yenyewe, harufu kali inayokamata koo. Angalia pia povu: yanapotiwa badia mpya, mafuta mazuri hutoa mapovu makubwa yanayopasuka upesi, mabovu hutoa povu dogo la mfululizo linalopanda ukingoni. Weusi peke yake si ushahidi, kwani manjano na pilipili za badia hubadilisha rangi ya mafuta mapya siku hiyohiyo.

Karai moja kukaangia samaki na maandazi ni dhambi ya pekee. Shombo haliishi.

Mkate wa ufuta ulionunuliwa dukani kwa nini bibi anausema kuwa si mkate wa ufuta?

Kwa sababu umeokwa kwenye jiko la bekari, sehemu zote sawa, na donge lake ni la boflo, mkate wa kawaida. Donge la mkate wa ufuta halikandwi. Linapigwa kwa mkono ndani ya bakuli, laini la kunata, la unga, tui, hamira, yai na chumvi. Likiumuka mpishi analowesha vidole kwa maji, analichota na kulitandaza kwenye chuma cha moto kisicho na mafuta. Chini lazima lishike, kwa sababu baada ya hapo chuma chote kinapinduliwa juu ya makaa, mkate ukiangalia chini, mpaka uso uwive na madoa ya kahawia. Donge lisiposhika, mkate unaanguka motoni. Chuma kikiwa na mafuta, hali ni ileile. Ufuta hunyunyizwa wakati uso ungali mbichi, na samli hupakwa mkate ukishatoka.

Ndiyo maana mkate halisi una pande mbili tofauti: chini mgumu kidogo na bapa, juu laini na madoa yasiyolingana. Ukiona juu pamelingana rangi kila mahali, umetoka ovenini. Si mbaya, ni kitu kingine.

Forodhani je? Bibi anasema ni kwa wageni.

Nusu ya neno lake ni kweli. Meza za Forodhani, bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, hupangwa jioni, na mishikaki ya samaki, kamba na pweza iliyochomwa kabla hukaa wazi ikisubiri mteja, kisha hupashwa. Ukitaka vitu vya baharini pale, nenda mapema mara tu jua linapozama, na uagize kitakachochomwa mbele yako kikiwa kibichi. Saa tatu usiku usiguse kilichopangwa mezani.

Lakini juisi ya miwa ya pale hata bibi haikatai. Miwa hupitishwa kinuni ikiwa imekunjwa pamoja na tangawizi na ndimu, na unaiona ikikamuliwa. Sema mapema kama hutaki barafu.

Na ile "pizza" ya Forodhani?

Ni donge la chapati lililosukumwa jembamba, likajazwa kima, kitunguu, pilipili hoho, yai na siku hizi jibini na mayonezi, likakunjwa mraba na kukaangwa kwenye chuma. Mombasa wana mkate wa mayai ambao ni ndugu yake. Bibi analalamikia yai bichi katikati, na ana haki: mpishi mwenye foleni huongeza moto, nje kunaiva ndani kunabaki maji. Mwambie apunguze kujaza na aubonyeze kwa mwiko. Ukibonyezwa ukatoa maji ya njano, bado.

Mkahawa wa wali mchana: tuangalie nini?

Mabibi huanza na maji ya kuoshea sahani, wala hawaangalii sufuria kwanza. Beseni moja la sabuni na moja la kusuuza, maji yakibadilishwa kila baada ya muda, hapo kaa. Beseni moja tu lenye mafuta yanayoelea, pita.

Kisha saa. Mama lishe mzuri anamaliza. Ukifika saa nane na nusu ukaambiwa "samaki wameisha, umebaki mchuzi," usinung'unike; kesho wahi. Ukifika saa kumi ukakuta sufuria zote zimejaa, jiulize ni za lini.

Orodha fupi ni dalili njema. Anayepika wali wa nazi, mchuzi wa samaki, maharage na mchicha anavijua vinne hivyo. Anayeuza vitu kumi na viwili ana jokofu.

Pilau na biriani vya mkahawani?

Pilau kahawia yake inatoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa kahawia iliyokolea, na supu ya nyama. Tazama punje: rangi iliyotokana na vitunguu haikolei sawasawa, punje nyingine ni nyepesi. Punje zote zikiwa za rangi moja ya chai, imetiwa rangi au unga wa bizari umemwagwa mwingi, na utasikia vumbi ulimini. Bizari ya pilau, hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vinatakiwa viwe vizima au vimetwangwa kwa kinu muda mfupi kabla. Karafuu ikizidi inatia ganzi mdomo; wapishi wa visiwa vya karafuu hawana kisingizio hapo.

Biriani ya pwani huwa na rojo mbali na wali mbali, hukutana sahanini. Nyama yake inalainishwa kwa papai bichi na mtindi, na papai ndilo linalowaponza wengi. Kijiko 1 cha chakula cha papai lililosagwa kwa kilo 1 ya nyama, saa 1 hadi 2, basi. Likikaa usiku kucha nyama inakuwa unga, inasagika bila kutafunwa. Bibi asiye na meno anaweza kuipenda, lakini atajua.

Rojo likiwa na utamu wa sukari, mpishi alitumia nyanya ya kopo akaogopa uchachu wake. Vitunguu vya kukaanga vya kutosha vingemwokoa. Kwa kilo 1 ya nyama vitunguu kilo 1 havijazidi.

Pweza mgumu: ni kosa la mpishi au la pweza?

La mpishi, karibu kila mara. Pweza hupigwa kwanza, juu ya jiwe au sakafu, mpaka mikia ilegee. Akikaa kwenye friza usiku mmoja pia analainika, kwa hiyo usimcheke anayeuza wa friza. Huchemshwa kwa maji yake mwenyewe, sufuria imefunikwa, moto mdogo, dakika 45 hadi 60 kwa pweza wa kilo moja na nusu hivi, na chumvi hutiwa akishaiva. Maji yakikauka kabla, ongeza ya moto, si ya baridi. Supu yake inayouzwa vikombe jioni iwe ya rangi ya zambarau nyepesi. Ikiwa nyekundu na nzito, umeuziwa viungo.

Kaimati za Ramadhani kwa nini zinalainika kabla ya magharibi?

Kwa sababu zilikaangwa adhuhuri. Muuzaji ana oda nyingi, anaanza mapema, anazitia shira zikiwa za moto kisha anazifunika. Mvuke unarudi, ukoko unaondoka. Kaimati inataka kuliwa ndani ya saa mbili.

Ukiweza, nunua kwa anayekaanga baada ya alasiri, au omba zisizotiwa shira, nawe uzitie nyumbani karibu na adhana. Shira: sukari kikombe 1 na nusu, maji robo tatu ya kikombe, hiliki, matone machache ya ndimu yasiyoruhusu sukari kurudi chenga. Ichemke mpaka tone likishikwa kati ya vidole viwili livute uzi. Shira nyepesi inapenya ndani na kulowesha. Nzito inabaki nje iking'aa.

Unga wake (gramu 250, hamira kijiko 1 cha chai, mtindi vijiko 2 vya chakula, maji yapata kikombe 1) upigwe kwa mkono dakika 5 mpaka ufanye mapovu, uumuke saa 1. Hudondoshwa kwa kuuminya kati ya kidole gumba na cha shahada, mkono ukiwa umeloweshwa. Zikiwa na mikia, mkono mkavu. Zikigeuka zenyewe karaini bila kuguswa, unga umeumuka sawasawa.

Halua: ipi ya kununua?

Halua ni wanga, sukari, samli, hiliki, kungumanga na zafarani, ikikorogwa kwa saa nyingi kwenye sufuria kubwa bila mwiko kupumzika. Ile ya Oman ni ndugu yake wa damu, na familia zenye watu Maskati hubishana ni ipi bora kila anapofika mgeni. Sisi hatuingii.

Kipimo ni kidole. Halua nzuri ukiibonyeza inarudi, na kidole kinabaki na mng'ao wa samli bila kunata. Ikinata, haikupikwa ikafika. Ikitoa chenga za sukari juu, imekaa muda mrefu au sukari ilizidi. Ikiwa na mafuta yaliyotuama chini, samli ilitiwa yote pamoja badala ya kidogokidogo. Nusu kilo inatosha baraza zima, kwa sababu huliwa kwa ncha ya vidole, na kahawa chungu kwenye finjani. Kahawa ya kutiwa sukari na halua pamoja, bibi atakuuliza kama una akili.

Ubuyu mwekundu sana una kasoro?

Rangi nyingi ni ya kuficha ubuyu wa zamani, hilo ndilo neno la mabibi. Ubuyu mpya una unga mweupe mwingi kwenye kokwa. Ukipikwa na sukari, chumvi, hiliki, pilipili na rangi kidogo, unga unashika na kokwa haionekani. Ukiona kokwa nyeusi zinachungulia, unga ulishapukutika. Ukinata mkononi, sukari haikupikwa ikawa nzito, na mfuko huo utaota ukungu wiki hii.

Bibi ana kisukari. Nimletee nini badala ya mikono mitupu?

Fuata alichoambiwa kliniki, hata akikulazimisha vinginevyo. Kwa kawaida badia za kunde, mishkaki ya nyama isiyopakwa sukari, pweza wa kuchemsha na kahawa chungu vina nafasi zaidi kuliko kaimati, halua na juisi ya miwa. Kumbuka kwamba kitumbua kisicho na sukari bado ni mchele, muhogo wa kuchoma ni wanga, na dafu lina sukari yake. Kidogo chenye ubora kinamfurahisha kuliko kingi: kitumbua kimoja kilichopikwa sawasawa, kwenye kisahani, na kahawa.

Namwambiaje muuzaji kwamba chakula chake kina kasoro?

Si mbele ya wateja. Rudi kesho yake mapema, "Shikamoo mama," uulize hali, ununue kidogo, kisha useme: "Bibi kasema jana mlikuwa na haraka." Ataelewa. Mabibi hawasemi "vibaya" kwa mpishi wa mtaani. Watasema "vimechelewa kidogo" kwa unga uliochacha, "vimekunywa" kwa mafuta, na "umetuonea huruma ya chumvi" kwa chumvi iliyopungua. Kama muuzaji ni mkubwa kwako sana, mwache bibi amalizane naye mwenyewe.

Ndugu zetu wako Maskati na London. Kipi kinasafiri?

Visheti, vileja na kashata za karanga. Visheti vikipoa kabisa na kuwekwa kwenye bati lililofungwa vizuri vinakaa wiki kadhaa. Vikifungwa vya moto vinalainika njiani. Kashata za nazi mbichi zina maji, ziliwe ndani ya siku 3 au 4, kwa hiyo za safari ziwe za karanga. Halua inasafiri vizuri, ila ifungwe karatasi kwanza kisha chombo kigumu, maana inatulia na kubanwa ikapoteza umbo. Achari ya embe iende kwenye begi la kupakiwa, chupa ndani ya mifuko miwili. Mishkaki na sambusa za nyama usipeleke Ulaya: nyama hairuhusiwi kuingia Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya kwenye mizigo ya abiria, na zitatupwa na watu wa forodha.

Vitumbua havisafiri. Peleka chuma chake.